Pasta ya Kumzuia Mtu Baharini

"Wewe kila asubuhi unawazika wageni wangu kabla hawajanywa kahawa!" Baldo alikuwa anafoka pale gatini, kamba ya boti mkononi. "Kila asubuhi! Wale wa jana umewazika, umewachimbua, ukawazika tena. Yule mama wa Torino aliniuliza kama tumebeba padri. Padri, dada! Kwenye katamarani!"

"Sikumwambia anakufa," Mommina alisema. "Nilimwambia ashike kamba."

"Ulimwambia ashike kamba huku unapiga ishara ya msalaba!"

Mommina alimpitishia kikapu cha nyanya na kitunguu saumu, kisha akajipitisha mwenyewe, makalio kwanza, macho yamefumba. Ndivyo alivyokuwa anapanda boti siku zote. Mabaharia wa Favignana, kisiwa chetu hiki kando ya Sisilia, walishazoea, wakiwa na kahawa zao wanasubiri kumwona, kama watu wengine wanavyosubiri taarifa ya habari.

Sasa, usimcheke haraka. Mwanamke huyu amezaliwa kisiwani, baba yake alikuwa mvuvi wa jodari wa zile nyavu kubwa, kaka na binamu wote walijua kuogelea kabla ya kujua kufunga vifungo vya shati. Yeye peke yake bahari haikumwingia. Mama yake alimwambia akiwa mdogo kwamba bahari ni kama mama mkwe, ukicheka naye leo kesho anakukumbusha, na mtoto akalichukua neno hilo kama lilivyo, hakulirudisha tena. Aliolewa na Saro kwa sababu Saro alikuwa dereva wa lori na si mvuvi. Akajiona amefaulu. Saro akaja kufa kwenye barabara ya Marsala, kavu kabisa, chini ya shehena ya matikiti. Hata hilo halikumfundisha Mommina kuogopa matikiti. Bahari tu.

Alisafisha samaki kiwandani mpaka kiwanda kikafungwa. Akatandika vitanda vya watalii. Halafu mdogo wake Baldo akauza nyumba ya wazazi wao, akanunua katamarani, ile boti ya miili miwili iliyounganishwa kwa sakafu, yenye wavu mkubwa huku mbele wa watu kulalia jua. Nusu ya nyumba ile ilikuwa ya Mommina. Kwa hiyo urithi wake sasa unaelea, na yeye akaona afadhali aufuate uliko. Akawa mpishi. Mwaka wa ngapi sasa, na kwenye ule wavu hajawahi kukanyaga hata siku moja, maana ukisimama pale unaona maji chini ya miguu yako.

"Shiroko anakuja," alisema asubuhi hiyo. Shiroko ni ule upepo wetu wa moto wa kusini.

"Jioni," Baldo alijibu. "Nimesoma kwenye simu."

"Simu yako haina magoti yanayouma. Vigae vya jikoni kwangu vinatoka jasho tangu alfajiri."

"Jioni, nimesema! Na sikiliza. Huyu bibi wa Palermo ametukodi boti nzima, siku nzima, amwonyeshe mchumba wa mjukuu wake bahari ya kwao. Leo ukitamka neno hatari mbele yao, nakushusha kwenye jiwe la kwanza tutakaloliona, wewe na sufuria zako. Apa."

"Ah, Baldo."

"Apa!"

"Naapa kwa roho ya mama," Mommina alisema. "Sitatamka neno."

Na huku kwetu ukishaapa kwa roho ya mama, umejifunga. Unaweza kumdanganya mtoza kodi, unaweza kumdanganya padri kwenye maungamo. Mama, hapana.

Wageni wakaja. Bibi Ersilia mbele, mnene, mweupe kwa poda, kofia ya ukindu kubwa kama meza. Nyuma yake mwanawe Ruggero, wakili, aliyekuwa anapiga miayo tayari. Kisha mjukuu, Ludovica, na mchumba wake Asger, Mdenishi mrefu ambaye miguu ilikuwa inafika boti kabla yake. Alikuwa amesoma Palermo mwaka mzima, anaongea lugha yetu polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

"Kijana huyu haogopi kitu," Bibi Ersilia alimwambia Mommina, kana kwamba anamshtakia. "Kwao wanaoga baharini wakati wa theluji. Theluji, mwanangu! Nikamwuliza, kwani mmefanya kosa gani?"

Mommina akacheka, akatazama kusini.

Wakatia nanga kwenye kighuba cha upande wa magharibi, maji ya kijani, mawe yanaonekana mpaka chini. Baldo akashusha ngazi huku nyuma. Wageni wakashuka wote isipokuwa Bibi Ersilia, wakaoga, wakacheka, wakapigana maji. Asger alikwenda mpaka kwenye miamba akarudi, akazama, akaibuka, kama fisi maji. Kila alipozama Mommina aliacha kukata nyanya mpaka kichwa kitokee. Kisha akaendelea kukata. Nyanya zilikatwa vibaya sana siku hiyo.

Halafu upepo ukakatika. Ukakatika kabisa, kama mtu aliyezuia pumzi mlangoni. Kule kusini anga likawa na rangi ya maziwa yaliyochacha. Mommina alimtazama Baldo. Baldo akamtazama yeye, akaweka kidole mdomoni.

Basi Mommina akaweka sufuria motoni.

Hii ndiyo ilikuwa silaha yake, na Baldo hakuijua. Huku kwetu mtu akishakula hagusi maji mpaka chakula kishuke. Hii si sheria ya serikali. Ingekuwa ya serikali ingevunjwa siku hiyohiyo. Ni sheria ya mama. Kila mtoto wa pwani hii amekaa ufukweni akilia, tumbo limejaa, bahari iko pale, mama anamwambia bado, bado, damu imekwenda tumboni, ukiingia unakakamaa unazama. Wakili, fundi, jambazi, wote wanaitii mpaka uzeeni. Kwa hiyo siku Mommina anapoikataa bahari, anapika mapema. Hasemi kitu. Sahani ikishaliwa, boti imefungwa. Baldo alidhani dada yake ni mtu wa haraka tu.

"Pasta saa hizi?" Bibi Ersilia alipaza sauti. "Hata hospitalini hawawalishi watu saa hizi! Mimi kifungua kinywa bado kipo hapa, nikikohoa utakiona!"

"Ikipoa ndiyo basi tena, Bibi Ersilia."

"Jodari?"

"Jodari, kitunguu saumu, lozi za kutwangwa, nyanya."

Bibi akavuta harufu. "Lete kidogo," alisema. "Nionje tu." Akala sahani mbili.

Ludovica alimwita Asger majini, akaja, akaketi akiwa bado anachuruzika, akala kama mtu anayejaza ghala. Mommina alimwongeza. Akamwongeza tena. Kila uma ulipoingia kinywani mwa kijana yule, moyo wake ulikuwa unatulia kidogo. Kula, mwanangu, alikuwa anasema kimoyomoyo. Jaza tumbo, liwe nanga.

Ikafuata divai, kisha tikiti, kisha usingizi. Bibi Ersilia alikwenda chini kulala, Ludovica naye akaingia kwenye chumba chake kwa sababu ya jua, Ruggero akaanguka kwenye mito akakoroma. Baldo akajilaza kivulini. Asger alibaki nyuma na kitabu.

Mommina akaosha sufuria. Alipotoka kumwaga maji, akakuta kitabu kipo kwenye kiti, taulo lipo, mwenyewe hayupo. Akafikiri: amemfuata mchumba wake. Akatabasamu, akageuza uso kwa heshima, ingawa hakukuwa na kitu cha kugeuzia uso. Haikumjia kabisa kwamba mtu anaweza kushuka majini na sahani zote zile tumboni. Ni kama ungemwambia kijana yule ametoka kwa kupita ukutani.

Akapandisha ngazi. Hivyo ndivyo alivyokuwa anafanya siku zote baada ya pasta. Kwake yeye, ngazi iliyoshuka ilikuwa mlango uliosahauliwa wazi. Akaikunja, akaifunga kwa kamba yake, akapiga fundo, akarudi jikoni akiwa mwepesi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Shiroko akaingia.

Hakuja kwa adabu. Pumzi moja ya moto kutoka Afrika, na boti yote ikageuka kwenye nanga yake, sahani zikateleza, glasi ikavunjika. Maji ya kijani yakawa ya kijivu. Mawimbi yakaanza kuingia ghubani na kupita chini ya boti, kati ya ile miili miwili, yakigonga sakafu kwa chini, bum, bum, kama watu wanaotaka kufunguliwa.

Mommina alishika sinki kwa mikono miwili. Akasali kidogo. Bum, bum. Kisha kati ya bum na bum akasikia kitu kingine. Tak, tak, tak. Kidogo, kikavu. Akafikiri ni mfuniko wa sufuria. Akaushika mfuniko. Tak, tak.

Ludovica akatoka chumbani, nywele zimesimama. "Bi Mommina, Asger yuko wapi?"

"Si yuko na wewe?"

"Mimi nilikuwa nimelala peke yangu."

Wakatazamana. Mommina aliona uso wa binti yule ukiishiwa damu, na akajua kwamba na wake unafanya vivyo hivyo, na akajua ngazi iko wapi, na nani aliyeifunga.

Ludovica akakimbia nyuma akiita jina. Ruggero akaamka, akaanza kuita naye bila kujua anaita nini. Baldo akaruka, akaona kitabu, taulo, na ngazi iliyokunjwa. Akatazama nje, baharini, kule mkondo unakovuta kuelekea kwenye miamba na nje zaidi. Kila mtu alikuwa anatazama kule. Mbali.

Mommina peke yake alisikia tak, tak, na ilikuwa inatoka mbele.

Akaenda mbele. Aliuona wavu. Chini ya wavu maji yalikuwa yanapanda na kushuka, yakiruka kupitia matundu kama yanamtafuta. Alisimama pale akiwa ameshika mlingoti, akasema kwa sauti, "Sijui kuogelea, mimi sijui kuogelea," utafikiri kuna mtu alikuwa amemwuliza. Kisha akalala kifudifudi, akajivuta juu ya wavu kwa tumbo, kama mtoto.

Uso wa Asger ulikuwa chini yake. Karibu kuliko uso wa mtu kwenye kitanda kimoja. Mweupe, midomo ya bluu. Mkono mmoja umeshika kamba ya nanga, na kwa fundo la kidole cha mkono mwingine alikuwa anagonga ubavu wa boti. Bega moja lilikuwa limeshuka vibaya. Alikuwa amejaribu kupanda kule nyuma pasipo ngazi, na boti, ikipanda na wimbi na kushuka, ilimpiga kama mchi. Sauti hakuwa nayo tena. Wimbi likapita, uso ukazama. Mommina akaacha kupumua. Uso ukarudi.

"Shika!" alisema, akapitisha vidole kwenye matundu. "Shika hapa, mwanangu. Shika mama."

Vidole vya Asger vikapanda, vikaingia kwenye vyake. Baridi, kama samaki wa kiwandani. Alimshika kwa nguvu zote alizokuwa nazo.

"Baldo! Huku! Yuko huku!"

Upepo ukalichukua neno ukalitupa Ulaya bara. Na ndipo aliposikia injini ikiwaka.

Baldo alikuwa anataka kwenda kumtafuta. Alikuwa anataka kufanya haraka, mdogo wake mwema, mjinga, mwenye haraka. Angesukuma boti mbele ang'oe nanga, na mtu aliyekuwa chini angepita katikati mpaka kule nyuma kwenye mapanga ya injini yanayozunguka. Boti ikatetemeka. Kamba ya nanga ikaanza kulegea.

"Zima! Baldo, zima!"

Hakuna aliyesikia. Walikuwa wanapiga kelele kule nyuma, wote watatu, kila mmoja jina lilelile.

Akimwachia, anazama. Asipomwachia, anasagwa. Mommina, ambaye maisha yake yote alikuwa amejitayarisha kwa siku hii kwa kuogopa, aligundua kwamba hofu haikumfundisha kitu hata kimoja cha kufanya. Alimtazama yule kijana. Kijana akamtazama. Akasema neno la kwao, neno fupi. Huenda lilikuwa mama. Huenda lilikuwa haraka.

Akavua aproni kwa mkono mmoja, meno yakisaidia. Akapitisha mkanda wa aproni kwenye tundu, akauzungusha kwenye kifundo cha mkono wa Asger, mara moja, mara ya pili, akaupandisha, akaufunga kwenye wavu. Lilikuwa fundo la jikoni, la kufungia nyama ya kuoka. Likashika.

"Narudi," alimwambia. "Naapa, narudi."

Alitambaa. Aliinuka, akaanguka, akaumiza goti, akafika kwenye usukani. Hakumwambia Baldo kitu. Alimzaba kofi, akachomoa ufunguo, na boti ikanyamaza.

"Yuko chini," alisema. "Chini yako."

Yaliyobaki yalikwenda kwa kelele. Baldo aliruka majini na kamba kiunoni, akamfungua kijana kwenye wavu, akamkokota mpaka nyuma. Ruggero alishika mwisho wa ile kamba huku analia. Mommina alikwenda kwenye ngazi kufungua fundo lake mwenyewe, na vidole havikutaka; aling'ang'ana nalo, fundo zuri, fundo la mtu mwangalifu. Ludovica akaja na kisu akakata. Ngazi ikashuka na wimbi, ikapanda, ikashuka. Wakamtoa Asger kwa vipande: mkono, kichwa, ule urefu wote. Wakamlaza sakafuni. Hakupumua. Hakupumua bado. Baldo akamgeuza, akamsukuma mgongo, na kijana akatapika bahari yote, na pasta yote, na akavuta pumzi yenye sauti kama mlango wa zizi.

Ndipo kofia ya ukindu ikatokea kwenye ngazi ya vyumbani.

"Nini?" Bibi Ersilia aliuliza. Akaona. Akaona pasta. Akashika kifua. "Ameingia majini! Na chakula tumboni! Mtakatifu Rosalia, ameingia majini na chakula tumboni!"

"Mama, boti imempiga," Ruggero alisema.

"Boti gani! Jodari yule! Sahani mbili na nusu, nilimhesabia! Damu yote iko tumboni, mikono itapata nini?"

Na Ruggero, wakili, aliyekuwa ameona kila kitu kwa macho yake, akatikisa kichwa polepole. "Hilo nalo ni kweli," alisema.

Walirudi bandarini na shiroko ubavuni. Mommina alikaa sakafuni, kichwa cha Asger mapajani, na kila boti ilipolala upande alikuwa anamshika nywele, kama mtu anayeshika ukingo. Daktari wa kisiwa alikuja gatini, akarudisha bega mahali pake pale pale juu ya benchi, kwa mlio ambao Bibi Ersilia aliusimulia Palermo mwaka mzima. Akamfunga mkono, akasema ataishi, akaomba kahawa.

"Ngazi," Asger alisema, alipopata sauti. "Nilishuka kwa ngazi. Nilirudi, ngazi hakuna."

Kila mtu akatazama mahali pengine. Baldo akafungua mdomo. Mommina akamtangulia.

"Mimi," alisema. "Mimi nilipandisha. Baada ya kula huwa napandisha."

"Na ulifanya vizuri!" Bibi Ersilia alisema. "Nani anaoga baada ya kula? Mwizi?"

"Bibi, nyamaza," Ludovica alisema.

Asger hakuwa na hasira. Hilo ndilo lilikuwa baya. Alikuwa anamtazama Mommina kama mwanafunzi anayetaka kuelewa hesabu, blanketi mabegani, chumvi kwenye nyusi.

"Ulijua?" alimwuliza. "Upepo. Ulijua unakuja?"

"Alijua tangu alfajiri," Baldo alisema, taratibu, bila kumwangalia mtu. "Aliniambia."

"Na pasta ile. Mapema vile. Ilikuwa ili tusiingie majini?"

Mommina aliitikia kwa kichwa.

Ludovica akaweka mkono mdomoni. Bibi Ersilia, kwa mara ya kwanza siku hiyo, akavua kofia.

"Mimi sijui hii habari ya pasta," Asger alisema. Alikuwa anatafuta maneno moja moja, jiwe kwa jiwe. "Kwetu hakuna. Ungeniambia tu, 'Asger, bahari mbaya.' Ningekaa. Maneno mawili. Mama, kwa nini hukuniambia?"

Baldo alikuwa anatazama viatu vyake. Mommina alimtazama Baldo, aliyemwapisha asubuhi ile, kisha akamtazama kijana, ule mkono wake uliofungwa, kile kifundo kilichobaki na alama nyekundu. Mdomo ulifunguka. Watu wote pale gatini, hata daktari na kikombe chake, wakainama kidogo mbele wasikie.

Akaufunga. Akachukua kikapu chake, akavua viatu vilivyolowa akavishika mkononi, akaanza kupanda barabara ya kanisani peku, akichechemea goti lile lililoumia, na upepo wa moto unamsukuma mgongoni.

"Mama?" Asger aliita.

Hakugeuka.